Safu ya Lugha: Kuzikana

Msemaji wa Kinyarwanda wa Giheke, kule Rusizi, hasumbuliwi na kiambishi -ana: gukundana kwake ndiko kupendana kwetu. Lakini "marafiki wa kufa na kuzikana" wanaweza kumkwaza. Wawili wakipendana, kila mmoja anapenda. Wakizikana, yule wa pili atazikwa na nani? Marehemu hana sifa ya kushika jembe. Utasema huo ni msemo tu, usipimwe kwa sarufi. Sikubali. Sarufi iko sawa, ila inahesabu mtaa mzima: leo nakuzika wewe, kesho jirani anizike mimi. Ni upatu, tena upatu ambao kila mtu hupokea zamu yake akiwa hayupo. Ndiyo maana ushabiki wa CCM na CUF kisiwani Pemba, miaka ya 1990, uliuma zaidi pale watu walipogomeana mazishi. Hapo -ana ilifanya kazi barabara, kila upande ukigoma. Maiti kavishwa sanda isiyo na pa kuweka kadi ya chama, walio hai wanaangaliana rangi za fulana kabla ya kubeba jeneza. Na huko kuzimu, Wanyarwanda wanakokuita ikuzimu, hajarudi mtu kutuarifu kama kuna matawi.