Karatasi Moja, Mafundi Wale Wale: Machapisho Madogo ya Nuremberg, 1490–1520

Ada ya wengi walioandika tarikhi ya upigaji chapa katika Ulaya ni kuanza na vitabu vikubwa, na kwa kuwa Biblia ya Gutenberg iliyotoka Mainz yapata mwaka 1455 ni kazi ya fahari isiyokanika, msomaji huondoka akiamini kwamba mtambo ule uliundwa kwa ajili ya majalada mazito, na kwamba vikaratasi na vijitabu vilikuja baadaye. Mambo hayakwenda hivyo. Hati za rehema, ambazo Kanisa liliziuza ili kupata mali ya kukilinda kisiwa cha Kupro dhidi ya Waturuki, zilikwisha kupigwa chapa Mainz mwaka 1454, ilhali Biblia yenyewe haijakamilika. Na baada ya muda mfupi herufi za Mainz zikapiga kalenda ya mwaka 1457 ya kumjulisha mtu siku zinazomfaa kutolewa damu na kunywa dawa ya kuendesha. Ninalodai katika makala haya ni kwamba kule kuyatenga mahubiri na utabibu, na utabibu na ramani, ni kazi ya wenye maktaba wa zama za baadaye, wala si ya watu waliovitengeneza na kuviuza vitu hivyo, na kwamba anayeufuata mgawanyo ule bila kuuhoji hupotewa na sehemu kubwa ya maana ya machapisho anayoyasoma. Shahidi wangu ni mji mmoja, Nuremberg, kwa sababu huko ushahidi umeshikamana kuliko kwingine.

Mpiga chapa mkubwa wa mji huo, Anton Koberger, alitoa mwaka 1493 kitabu cha tarikhi ya dunia kilichotungwa na tabibu Hartmann Schedel, chenye picha zaidi ya 1,800 zilizopatikana kwa vibao vya mti vipatavyo 645 tu, hata kibao kimoja kikawa sura ya miji kadhaa iliyo mbalimbali. Kazi ile ilihitaji wafadhili, mikataba na mtaji uliolala muda mrefu, na hesabu ya mwisho ilipofungwa mwaka 1509 nakala nyingi zilikuwa bado hazijauzwa. Karatasi moja haikuwa na mashaka hayo: ilichorwa, ikapigwa chapa, ikauzwa, na fedha ikarudi upesi mkononi mwa fundi. Ndiyo maana naona si haki kuviita vitu hivi vidogo kwa sababu ya udogo wa umbo lake tu. Kwa wengi wa mafundi wale ndivyo vilivyokuwa riziki.

Tuitazame moja kwa karibu. Tarehe 1 Agosti 1496, Theodericus Ulsenius, tabibu wa mji, alitoa karatasi juu ya maradhi mapya yaliyokuwa yakiitisha Ulaya, ambayo leo tunayajua kwa jina la kaswende. Katikati amesimama mtu mwenye kofia na joho, mikono na miguu yake imejaa vidonda, na picha hiyo wataalamu wengi huinasibisha na Albrecht Dürer, ambaye Koberger alikuwa baba yake wa ubatizo. Juu ya kichwa cha mgonjwa kuna duara la buruji, na ndani yake umeandikwa mwaka 1484, mwaka ambao Mshtarii na Zohali zilikutana katika burji ya Nge, mkutano ambao wanafalaki wa wakati ule waliuhesabu kuwa chanzo cha balaa. Kando zimewekwa ngao za mji, na pamoja na picha yamepigwa chapa mashairi ya Kilatini. Sasa mwenye maktaba ataiweka wapi karatasi hii? Akiiweka katika utabibu, ameikata falaki; akiiweka katika sanaa kwa heshima ya Dürer, tabibu amepotea; akiiweka katika ushairi, mgonjwa hana tena mahali. Aliyeinunua hakuwa na haja ya kuchagua, kwa kuwa kwake maradhi, nyota na beti zilikuwa habari moja, na kuzitenganisha hakungemzidishia ilimu yoyote.

Ramani nazo zina kisa hicho hicho, tena kwa uwazi zaidi. Erhard Etzlaub alikuwa mtengenezaji wa dira na wa saa za jua katika Nuremberg, na yapata mwaka 1500, mwaka wa Yubile ambapo mahujaji walimiminika kwenda Roma, alitoa karatasi iitwayo Njia ya Roma. Kusini kumewekwa juu, kama alivyofanya Al-Idrisi katika ramani aliyomtengenezea Mfalme Roger wa Sisilia mwaka 1154, ili Roma iwe mbele ya msafiri wa Kijerumani aishikapo karatasi. Barabara hazikuchorwa kwa mistari. Ni nukta zinazofuatana, na kutoka nukta hata nukta ni maili moja ya Kijerumani, inayozidi kilomita 7, hivi kwamba mtu asiyejua kupima aliweza kuhesabu kwa kidole umbali wa mwendo wake. Ukingoni kwa chini imechorwa dira, ili mwenye dira ya mkononi aiweke juu yake na kuielekeza karatasi sawasawa na dunia. Ni ramani, lakini ni chombo cha ibada vilevile, na ni tangazo la bidhaa ambazo mchoraji mwenyewe alikuwa akiziuza. Fauka ya hayo, Etzlaub huyo huyo baadaye akawa tabibu.

Naweza kujibiwa kwamba wanunuzi hawakuwa wajinga, na kwamba hujaji aliyetaka njia hakupewa kalenda ya kutolewa damu. Hilo ni kweli, na matumizi ya kila karatasi yalijulikana. Nisichokikubali ni kuyafanya matumizi hayo kuwa kuta baina ya aina na aina, ilhali karatasi, wino, wachongaji wa vibao na wachuuzi walikuwa wale wale. Hata mahubiri, ambayo tungeyadhania kuwa fungu la peke yake, yalifuata kipimo cha karatasi. Hotuba ya Martin Luther juu ya rehema, aliyoitoa kwa Kijerumani mwaka 1518, ilienea katika karatasi moja iliyokunjwa mara mbili ikawa kurasa 8, na wapiga chapa wa Leipzig, Nuremberg, Augsburg na Basel waliirudia hata ikatoka zaidi ya mara 20 kufikia mwaka 1520. Wepesi wa karatasi ile ulichangia kuenea kwake, kama ulivyochangia ujasiri wa maneno.

Kwa nini basi karatasi nyingi za namna hii zimepotea? Kwa sababu zilitumika. Kalenda ilibandikwa ukutani mpaka mwaka ukaisha, ramani ilichakaa mfukoni, kijitabu kilipita mkono hata mkono. Zilizosalia, mara nyingi, zilisalia kwa kuwa mtu alizishikamanisha na kitu kingine, na hapa namtaja tena Schedel kwa shukrani ya kweli, kwani tabibu huyu alikuwa na tabia ya kubandika karatasi za picha na habari ndani ya vitabu vyake, na maktaba yake, iliyouzwa kwa Johann Jakob Fugger mwaka 1552 na kufika kwa Mtawala Albrecht V wa Bavaria mwaka 1571, imo Munich hata leo. Wasomaji wengine walivishona vijitabu pamoja katika jalada moja, mahubiri ubavuni mwa dawa ya tauni. Majalada hayo yalikuwa ushahidi wa jinsi watu walivyosoma. Na katika karne za 18 na 19 maktaba kubwa za Ulaya ziliyafumua mengi, zikakipa kila kijitabu jalada lake na rafu yake. Wenye maktaba walidhani wanatunza. Waliuharibu ushahidi ambao hakuna faharasa iwezayo kuurudisha.

Hasara hiyo inatugusa sisi watu wa pwani kwa jambo mahususi. Balthasar Springer, wakala wa wafanyabiashara wa Welser wa Augsburg, alisafiri katika msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida, ambao mwaka 1505 uliiteka Kilwa mwezi wa Julai na kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti. Habari zake zilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1509, na miji yetu miwili imo. Mwaka 1508 Hans Burgkmair wa Augsburg alikwisha kuchora mfululizo wa picha za watu wa njia ile ile: wa Gine, wa kusini mwa Afrika, wa Arabuni, wa Bara Hindi, na mfalme wa Cochin akiwa na watu wake. Baina ya kusini mwa Afrika na Arabuni hakuna mtu. Picha hizo zikanakiliwa Nuremberg na Georg Glockendon, yule yule ambaye jina lake limo katika ramani ya barabara ya Etzlaub ya mwaka 1501, na bila shaka wengi waliziona bila kusoma neno hata moja la Springer. Aliyenunua kijitabu alisoma Mombasa ikiungua. Aliyenunua picha tu alipewa bahari isiyokuwa na Waswahili. Leo kijitabu huwekwa katika safari na picha huwekwa katika sanaa, na mtafiti wa pwani asiyeviagiza vyote viwili, akaviweka juu ya meza moja, hataliona hata pengo lenyewe.