Shamba la urithi liko Umwe nasi tuko kisiwani: wapi pa kutafuta kumbukumbu za ardhi kabla ya kugawa, kuuza au kununua



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama ba'ad.

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi kutoka kwa familia za visiwa vya delta, Mafia na Unguja: mzee amefariki, aliacha shamba au kiwanja upande wa Umwe, Ikwiriri. Watoto wametawanyika. Ndugu mmoja yuko hapo hapo, analima na kuvuna. Mwingine anataka pauzwe. Karatasi hazionekani. Je, tugawe kwa maneno ya wazee tu?

Jibu kwa ufupi

Msigawe, msiuze na msinunue kabla ya kuangalia daftari. Ushahidi wa wazee una thamani yake, nao hauachwi. Lakini ardhi ina kumbukumbu za umma, na mwenye haki anaruhusiwa kuziomba. Kugawa mali msiyohakikisha kuwa ni ya marehemu kunaweza kuwatia katika kula haki ya mtu, na kuacha mali ya marehemu bila kuandikwa kunaweza kuwapotezea mayatima haki yao.

Allah Ta'ala ametuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha mauziano (Al-Baqarah, aya ya 282), na akaweka mafungu ya mirathi kwa wanaume na wanawake (An-Nisaa, aya ya 7, 11, 12 na 176). Na katika Hadithi Swahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametoa onyo kali kwa anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma. Kwa hiyo kwenda ofisi ya ardhi kabla ya kugawa ni sehemu ya kutekeleza amana, wala si kumdhania ndugu yako ubaya.

Kwanza jueni ardhi yenu ni ya aina gani

Sheria za Tanzania Bara zinagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kila fungu lina mahali pake pa kumbukumbu, na wengi hupoteza nauli kwa kwenda ofisi isiyo yake.

*Ardhi ya kijiji* inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Mashamba mengi ya mikorosho, minazi na miembe, na mabonde ya mpunga, yako katika fungu hili.

*Ardhi ya jumla* inaongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Viwanja vilivyopimwa mjini huingia humu. Umwe imeshikana na mji wa Ikwiriri, kwa hiyo si ajabu baba kuacha kiwanja kilichopimwa na shamba la kijiji kwa pamoja. Ulizeni kila kipande peke yake.

*Ardhi ya hifadhi* ndiyo inayowagusa zaidi ndugu zetu wa delta. Mikoko ya Rufiji ni msitu wa hifadhi tangu zama za Wajerumani, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Shamba la mpunga lililofyekwa ndani ya mikoko haliwi mali ya mtu kwa kulirithi vizazi vitatu. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Anayeuziwa kipande cha namna hiyo aulize TFS na halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Wa Unguja na Pemba wazingatie jambo moja: ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa na serikali. Mafia, japo ni kisiwa, iko chini ya sheria za Bara. Karatasi ya upande mmoja msiichukulie kuwa itafanya kazi upande wa pili bila kuuliza mahakamani kwanza.

Kumbukumbu ziko wapi

1. *Kijijini.* Kila kijiji kinatakiwa kuwa na daftari la ardhi, na mtunzaji wake ni Mtendaji wa kijiji. Aliyepimiwa shamba na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, jina lake limo humo. Ulizeni pia mihtasari ya Halmashauri ya Kijiji, kwa sababu ugawaji mwingi wa zamani uliandikwa katika mihtasari tu.

2. *Wilayani.* Hati ya kimila husainiwa kijijini na kuthibitishwa wilayani, na wilaya huweka nakala. Hati ikiungua au ikisombwa na maji, nakala hiyo ndiyo tegemeo. Umwe iko Wilaya ya Rufiji, ambayo makao yake ni Utete. Vijiji vya delta kama vya Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala viko Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita. Kwa hiyo jalada la delta lililofunguliwa kabla ya mgawanyo msipolikuta Kibiti, ulizieni Utete.

3. *Kwa Msajili wa Hati.* Kiwanja chenye hatimiliki ya serikali kimeandikwa katika daftari la Msajili chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Hapo mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi kwa kulipa ada. Majibu ya upekuzi huonyesha mmiliki ni nani, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa. Kwa Mkoa wa Pwani anzieni ofisi ya ardhi ya mkoa, Kibaha. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi iwekwe. Msimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi ya "nitakuangalizia."

Nendeni na nini, ulizeni nini

Chukueni kitambulisho, nakala ya cheti cha kifo, majina yote aliyotumia marehemu (wengi wana jina la shule na jina la nyumbani), jina la kitongoji, na majina ya majirani wa pande nne. Karatasi ya zamani ya mauziano au ya fidia, hata ikiwa imechakaa, msiiache nyumbani.

Kisha ulizeni maswali haya matano:

- Kipande hiki kimeandikwa kwa jina la nani, na tangu lini?
- Ni jina moja, au la mume na mke kwa pamoja? Kama ni mawili, sehemu ya mke aliye hai si mirathi.
- Kuna rehani, zuio au shauri?
- Mpango wa matumizi ya ardhi umekiweka kwa kilimo, makazi au malisho?
- Kuna maombi ya uhamisho yaliyokwisha kufika? Swali hili limewahi kufichua shamba la urithi linalouzwa kimyakimya.

Mkijibiwa kwa mdomo, ombeni kwa maandishi. Mkinyimwa, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ikiwa jina halimo daftarini

Msikate tamaa. Mashamba mengi ya Rufiji hayajapimwa, na haki ya kimila haifi kwa kukosa hati. Mafuriko nayo yamechukua karatasi za watu wengi. Ya mwaka 2024 yaliyoikumba Muhoro na vijiji vingine vya bonde bado tunayakumbuka. Hapo ndipo ushahidi wa wazee, majirani wa mipaka, miti iliyopandwa na makaburi ya familia unapopata nafasi. Wakusanyeni mashahidi wakiwa hai, maneno yao yaandikwe na kusainiwa mbele ya uongozi wa kijiji, kisha ombeni kipande kihakikiwe na kusajiliwa.

Kuna fundo moja la kihistoria. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, familia nyingi zilihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, na Operesheni Vijiji ikafuata nchi nzima. Sheria ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, na kufuta haki za waliotangulia kwenye vipande hivyo. Basi mtu akisema "hapa palikuwa pa babu yangu" na mwingine akasema "hapa tulipewa na kijiji," mwaka wa kugawiwa ndio swali la kwanza. Utafuteni katika kumbukumbu kabla ya kupandishiana sauti.

Tahadhari kwa wanunuzi: karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti si usajili. Ardhi ya kijiji ikiuzwa kwa mtu asiye mkazi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, mauzo hayo hayana nguvu kisheria.

Mpangilio wa mirathi

Kisheria, shamba halihamii kwa warithi kwa kikao cha familia peke yake. Utaratibu ni huu:

1. Pateni cheti cha kifo.
2. Fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, pendekezeni msimamizi mwaminifu. Wanawake wahudhurie na wasaini wenyewe.
3. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Kama aliishi Kilindoni na shamba liko Umwe, mahakama ni ya Mafia. Elezeni mapema kwamba marehemu alikuwa Muislamu na mirathi ifuate sheria ya Kiislamu.
4. Msimamizi aorodheshe mali na madeni, na arejeshe hesabu mahakamani ndani ya miezi minne. Kwenye orodha aandike shamba pamoja na idadi ya minazi na mikorosho.
5. Yatolewe kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu. Mke mwenye mume aliyeacha watoto ana thumuni. Hilo si zawadi ya mashemeji.
6. Rudini kwenye daftari, majina yabadilishwe. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa, na ugomvi wa wajukuu huanzia hapa.

Haki ya binti, na hesabu ya miaka 12

Wapo wanaosema binti aliyeolewa kisiwani hana shamba bara. Kauli hii haina asili katika dini. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi.

Lakini dada zetu wasikae kimya. Sheria ya Ukomo wa Mashauri imeweka miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa ardhi aliyoishikilia marehemu, hesabu huanza siku ya kifo chake. Mwenye kusema "kaka yangu atanikumbuka" anaweza kuamka mwaka wa 13 mlango umefungwa.

Na kwa ndugu aliyeshika shamba tunasema: ukomo huo ni wa mahakama. Mbele ya Allah, haki ya dada yako na ya yatima haihalaliki kwa kupita miaka. Mrejeshee, au mkubaliane kwa ridhaa yake ya kweli.

Wakfu

Kama mzee alisema uwanja fulani ni wa msikiti au madrasa, uandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, si kwa jina la imamu wala la mtoto wa aliyetoa. Wakfu ulioachwa kwa jina la mtu huishia kurithiwa.

Ikitokea ugomvi

Anzeni na suluhu, kwani suluhu ni kheri. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao angalau ni wanawake. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa Mahakama Kuu.

Tunawausia ndugu zetu: aliye na mzazi hai amwombe leo, kwa adabu, amwonyeshe mipaka na ziliko karatasi, kisha waende pamoja kwa Mtendaji kuangalia jina. Safari hiyo moja na mzee ni nyepesi kuliko miaka ya kesi baada yake.

Na Allah Anajua zaidi.