Jiwe la Shinkolobwe na mwanga wa mbali

Shinkolobwe iko kilomita kama 20 magharibi mwa Likasi, nchini Kongo. Mgodi wake ulishafungwa, na anayeutaja leo hutaja bomu la atomiki. Ni haki autaje, ila naona vitabu vya elimu ya nyota navyo vina deni na mahali hapa.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, alisafirisha hadi New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe. Mengine yalikuwa na hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, utajiri usioonekana kwingine. Waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono ni vibarua wa Kikongo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo.

Baada ya hapo mataifa makubwa yakashindana kulipua mabomu ya majaribio, hadi mkataba wa 1963 ulipokataza majaribio hewani, baharini na angani. Marekani, ili isidanganywe, ikarusha setilaiti za Vela zivizie miale ya gama ya bomu la siri. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mpigo usiofanana na bomu lolote. Mwaka 1973 Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos wakatangaza kwamba milipuko ya namna hiyo inatoka mbali angani.

Mbali kiasi gani? Ubishi ulichukua zaidi ya miaka 20, kwani mlipuko wa sekunde chache ulikuwa umezimika kabla darubini haijaelekezwa. Jibu lilipitia pwani yetu. Setilaiti ya BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilikuwa ikishusha taarifa zake Malindi, Kenya. Tarehe 8 Mei 1997 ilionyesha mahali pa mlipuko mmoja upesi kiasi kwamba Mark Metzger na wenzake, kwa darubini ya Keck kule Hawaii, waliiwahi nuru yake iliyokuwa ikififia.

Waliitawanya nuru hiyo katika rangi zake. Chuma na magnesi, zikiwa katika gesi ambayo nuru imepitia, huacha humo mistari myeusi, kila mmoja mahali pake. Safari hii mistari ilikuwa imesogea mno upande wa wekundu, kwa kuwa ulimwengu hutanuka na mawimbi ya nuru hurefuka nao. Yalikuwa yamerefuka mara 1.8: nuru ile imesafiri miaka kama bilioni 7. Dunia hii haikuwapo ilipoanza safari.

Kwa galaksi jirani kipimo hiki hakifai. Vesto Slipher alipoichambua nuru ya Andromeda mwaka 1912, aliikuta galaksi yenyewe inatujia. Umbali wake ulikuja kujulikana kwa nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu.

Tarehe 17 Agosti 2017 mlipuko mwingine wa miale ya gama ulionekana katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana. Rangi za nuru yake zilionyesha elementi nzito zikifuliwa papo hapo, na wataalamu wengi wanaamini kwamba urani, hata ile ya Shinkolobwe, ilizaliwa katika migongano kama huo.