Saa ya Pili ya Roger Smith

Boti za Minova na Idjwi zinapofika bandari ya Kituku, hapa Goma, sehemu kubwa ya mzigo hupanda mjini kwa chukudu: magunia ya makala, mikungu ya ndizi, viazi. Chombo hicho cha mbao, kinachojulikana Kivu Kaskazini tangu miaka ya 1970, hutoka mikononi mwa fundi mmoja. Ndiye anayechagua mti, anayechonga usukani, anayekata magurudumu na kuyavisha mpira wa tairi kuukuu, na anayepigilia kipande kingine cha mpira nyuma kiwe breki. Chukudu ikikatika kwenye mteremko wa mawe ya volkano, mwenye mzigo anajua mlango wa kubisha hodi. Msomaji aliyezoea ufundi wa namna hiyo hatapata taabu kuelewa kisa cha kijana wa Bolton, Uingereza, aliyejifungia miaka mingi akitengeneza saa peke yake.

Tofauti na chukudu, saa haikuwa kazi ya mtu mmoja. London na Geneva, kwa vizazi, mmoja alikata meno ya magurudumu, mwingine alitengeneza springi, wa tatu alinakshi uso, wa nne alifua kasha la dhahabu. Jina lililoandikwa usoni mara nyingi lilikuwa la yule aliyekusanya kazi za wenzake na kuziuza. Fundi angeweza kuzeeka katika kazi hiyo bila kujua kutengeneza saa nzima.

Aliyevunja desturi hiyo ni George Daniels. Alizaliwa mwaka 1926, akakulia London katika ufukara, na akiwa bado mtoto alikwisha kufungua saa mbovu na kushangaa dunia iliyokuwa ndani yake. Baada ya jeshi alijipatia riziki kwa kutengeneza saa za watu, na mwaka 1960 akafungua duka lake. Kilichombadilisha ni saa za Abraham-Louis Breguet, bingwa aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na kufanya kazi Paris. Breguet aliwauzia wafalme na matajiri, lakini saa zake hazikuwa na makuu: uso wenye michoro myembamba, namba zinazosomeka, mishale ya buluu yenye kitundu karibu na ncha. Saa aliyoagizwa na malkia wa Napoli mwaka 1810 huhesabiwa kuwa miongoni mwa saa za mkononi za kwanza kabisa. Daniels alizirekebisha nyingi, na kila alipoifungua moja alisoma mawazo ya mwenye kuitengeneza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kutengeneza zake mwenyewe, kuanzia kasha hadi skrubu.

Hakuishia kumuiga bwana huyo. Katika saa ya kawaida, kipande chenye vijiwe huzuia gurudumu na kuliachia jino baada ya jino, na jino hupita likisugua kijiwe. Lazima pawe na mafuta, na mafuta yakiganda, saa huanza kupoteza majira. Katika miaka ya 1970 Daniels alibuni mpango mwingine wenye magurudumu mawili kwenye mhimili mmoja, ambapo jino husukuma zaidi kuliko kusugua. Makampuni ya Uswisi yalisitasita kwa muda mrefu. Mwaka 1999 Omega walianza kuuza saa zenye mpango huo.

Yule kijana wa Bolton, Roger Smith, alizaliwa mwaka 1970. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya saa mjini Manchester pale Daniels alipokuja kuzungumza nao, akiwa na saa yake mashuhuri ya mfukoni iitwayo Space Traveller. Kijana akaiona. Daniels pia alikuwa amechapisha mwaka 1981 kitabu kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi mtu mmoja anavyoweza kutengeneza saa nzima. Smith akakifanya mwalimu wake, akanunua vifaa, akaanza nyumbani.

Ili kuona uzito wa kazi hiyo, chukua mshale mmoja tu. Unakatwa kwenye bamba la chuma cha kaboni, unapigwa tupa, unang'arishwa hadi usionyeshe mkwaruzo hata chini ya lenzi. Kisha unalazwa juu ya chenga za shaba na kupashwa moto polepole. Rangi inageuka: manjano, hudhurungi, zambarau, halafu, joto likikaribia nyuzi 300, buluu ile ya Breguet. Ukichelewa kidogo buluu inafifia kuwa kijivu, na unarudi kwenye kung'arisha upya. Na mshale ndio sehemu rahisi.

Saa ya kwanza ilimchukua Smith mwaka mmoja na nusu hivi. Aliipeleka Isle of Man, alikohamia Daniels. Mzee aliitazama, akamwambia kwamba inaonekana imetengenezwa kwa mkono. Haikuwa sifa. Kwa Daniels, saa iliyokamilika haipaswi kuonyesha jasho la fundi. Iwe kana kwamba imezuka yenyewe. Alimshauri aanze tena.

Maneno hayo yangeweza kumkatisha tamaa mtu yeyote, lakini naamini mzee alisema haki. Kumsifu kijana kwa ajili ya bidii yake kungekuwa kumwacha pale pale alipofika.

Smith alianza saa ya pili, safari hii ngumu zaidi: yenye kalenda inayojua miezi mifupi na miaka mirefu bila kusahihishwa, na kizimba kinachozunguka ili kupunguza makosa yanayoletwa na mvutano wa dunia, wazo ambalo Breguet alilipatia hataza mwaka 1801. Alipomaliza sehemu za mwisho aligundua kwamba zile za mwanzo hazifai tena, maana mkono ulikuwa umekomaa kuliko kazi yake ya awali. Akazitupa na kuzirudia, zaidi ya mara moja. Miaka zaidi ya mitano ikapita. Aliporudi kwa Daniels mwaka 1997, mzee aliishika na kuuliza sehemu moja moja: hii nani ametengeneza? Na hii? Kila jibu lilikuwa lile lile. Ndipo akampongeza na kumwambia kwamba sasa yeye ni mtengeneza saa.

Mwaka uliofuata Daniels alimwita Isle of Man wafanye kazi pamoja. Mwaka 2001 Smith alianzisha karakana yake kisiwani humo, akageukia saa za mkononi, ambako nafasi ni finyu na kosa la unywele halina pa kujificha. Daniels alifariki mwaka 2011, na vifaa vya karakana yake vikaenda kwa Smith. Karakana ya Smith bado hutoa saa chache tu kwa mwaka, na wateja husubiri zamu yao kwa miaka.