Jezi, Ukoo na Cheti: Uraia wa Mchezaji Aliyezaliwa Nje, Ukitazamwa kutoka Kitui na Makueni

Kila Harambee Stars inapofungwa, ushauri ni uleule: watafutwe vijana wenye asili ya Kenya wanaocheza Ulaya, wapewe pasipoti, wavishwe jezi. Ushauri huo umeshika kasi tangu Kenya, Tanzania na Uganda zikabidhiwe kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wanaoupinga hujibu kwamba jezi ya taifa haikodishwi. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba siku zote Kenya ndiyo inayopokea. Makueni inaujua upande wa pili.

Winfred Mutile Yavi alizaliwa Makueni tarehe 31 Desemba 1999. Tarehe 6 Agosti 2024, jijini Paris, alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 52.76, rekodi mpya ya Olimpiki, na bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Bahrain. Mwaka mmoja kabla yake, Budapest, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mbele ya Wakenya wawili, Beatrice Chepkoech na Faith Cherotich. Na huko Rio mwaka 2016 dhahabu hiyohiyo ilikuwa imekwenda kwa Ruth Jebet, mzaliwa mwingine wa Kenya, naye pia akiikimbilia Bahrain. Nchi ambayo wanaume wake walizifanya mbio hizi kuwa kama mali ya urithi haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki ya wanawake ndani yake. Wasichana waliozaliwa kwetu wameipata mara mbili kwa ajili ya wengine.

Wapo wanaomwita Yavi msaliti. Neno hilo halimstahili. Katika Kenya ya wakimbiaji, kijana hodari anaweza kusubiri miaka kadhaa nyuma ya mabingwa wa dunia kabla hajapata nafasi moja ya timu, na Ukambani iko mbali na kambi za Iten na Eldoret ambako macho ya wateuzi huelekea kwanza. Kinachonisumbua ni umri wake. Aliruhusiwa kuiwakilisha Bahrain tangu mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 17, na mwaka 2017 alikuwa tayari kwenye fainali ya dunia London. Mtoto wa umri huo haruhusiwi kupiga kura Kenya, wala kupewa kitambulisho, wala kutia sahihi mkataba wa shamba. Lakini aliweza kubadili taifa la maisha yake yote ya michezo.

Riadha yenyewe iliona aibu hiyo kwa kuchelewa. Februari 2017 shirikisho la dunia lilisimamisha uhamisho wote wa utaifa, na kanuni mpya za mwaka 2018 zikaweka muda wa kusubiri wa miaka 3 na kukataza mwanariadha kuhama kabla ya kufikisha miaka 20. Kama kanuni hizo zingekuwepo mapema, Yavi angelazimika kusubiri hadi mwisho wa 2019, akiwa mtu mzima, na pengine angechagua vilevile. Tofauti ni kwamba angechagua.

Soka ilifunga mlango wake mapema zaidi, na kisa chake kilianzia Ghuba hiyohiyo. Mwaka 2003 Qatar ilimpata Stephen Cherono, ikampa jina la Saif Saaeed Shaheen, naye akawaletea ubingwa wa dunia mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Qatar iligeukia soka na kumtaka Ailton, mshambuliaji wa Brazil aliyekuwa aking'ara Ujerumani, ambaye hakuwa na ndugu wala makazi Doha. FIFA ilitoa uamuzi wa haraka Machi 2004: pasipoti peke yake haitoshi, lazima pawe na uhusiano wa kweli kati ya mchezaji na nchi. Kwa kanuni za leo, anayepata uraia mpya lazima awe amezaliwa katika nchi hiyo, au mzazi wake wa damu, au babu au bibi yake wa damu. Kama hana hata kimoja, lazima awe ameishi huko. Aliyefika kabla ya miaka 10 hutakiwa kuwa ameishi miaka 3. Aliyefika baada ya hapo, miaka 5. Na aliyehamia akiwa kati ya miaka 10 na 18 hutakiwa pia kuonyesha kwamba hakuhamishwa kwa ajili ya timu ya taifa.

Mimi naitetea kanuni hii bila kusita. Inamlinda mtoto dhidi ya wakala, na inatambua kwamba uhusiano wa mtu na nchi una njia zaidi ya moja: udongo, damu na miaka ya kuishi. Serikali zetu za Afrika Mashariki hazijafikia upana huo. Januari 2025 Tanzania iliwapa uraia wa tajnisi wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Arthur Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea. Wananchi wengi walihoji, na walikuwa na haki ya kuhoji, kwa sababu nchi hiyohiyo inawanyima uraia pacha watoto wake walioko ughaibuni. Kwa FIFA, karatasi hiyo haikuwafanya watatu hao kuwa wachezaji wa Taifa Stars, kwani miaka 5 ya makazi ilikuwa bado inahesabiwa. Serikali ilikuwa na haraka kuliko shirikisho la mpira.

Kenya nayo ina upofu wake. Thomas Deng alizaliwa Nairobi mwaka 1997, Awer Mabil katika kambi ya Kakuma mwaka 1995, wote wawili kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Mabil alijifunza mpira kwenye vumbi la Turkana hadi alipoondoka akiwa na miaka 10. Oktoba 2018 waliichezea Australia kwa mara ya kwanza katika mechi moja, dhidi ya Kuwait, na Juni 2022 penalti ya Mabil dhidi ya Peru ilisaidia kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Kwa kanuni ya FIFA, kuzaliwa kwao Kenya kungetosha kuwa uhusiano, kama wangekuwa na uraia wetu. Lakini Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 hutoa uraia wa kuzaliwa kwa damu. Udongo haumpi mtu uraia, ila mtoto mdogo aliyeokotwa nchini bila wazazi wake kujulikana. Mabasi yatokayo Garissa na Dadaab hupita Mwingi, Kitui, kila siku, na ndani yake wamo vijana ambao hawajawahi kuona nchi nyingine zaidi ya Kenya. Tukisema tunasaka vipaji vya kwetu huku hao tukiwaona wapita njia tu, tumeisoma ramani nusu.

Hata hivyo, kwa familia nyingi za Kitui na Makueni kizuizi kikubwa ni karatasi. Tuchukue mfano wa kufikirika: kijana aliyezaliwa Uingereza, mama yake muuguzi aliyetoka Mutomo, baba yake Mwingereza. Kabla ya tarehe 27 Agosti 2010 kijana huyo hakuwa Mkenya kwa kuzaliwa, kwa sababu katiba ya zamani ilimtambua aliyezaliwa nje kupitia baba peke yake. Divock Origi, aliyezaliwa Ostend mwaka 1995, alikuwa na njia hiyo kwa sababu baba yake, Mike Okoth, alikuwa Mkenya na mchezaji wa Harambee Stars. Origi akaichagua Ubelgiji, akaifungia dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia la 2014, na hakuna aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni yule ambaye Ukenya wake ulikuwa kwa mama. Katiba mpya ilirekebisha hilo, tena kwa kurudi nyuma: inamtosha mzazi mmoja, awe baba au mama, ambaye ni raia au aliwahi kuwa raia.

Sheria ikarekebishwa, lakini masjala ikabaki vilevile. Ili mama athibitishe uraia wake, mara nyingi ataulizwa wazazi wake, na hapo ndipo tunapomfikia bibi, susu kwa Kikamba. Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika ulienezwa wilaya kwa wilaya hadi kuifikia nchi nzima mwaka 1971. Bibi aliyezaliwa Ikutha au Kibwezi katika miaka ya 1940 alizaliwa nyumbani, akapokelewa na mkunga wa kijiji, na umri wake ukakumbukwa kwa njaa au kwa mvua. Babu huenda ana kitu mkononi. Mkoloni alimvalisha mwanamume kipande shingoni, chenye jina lake, wilaya yake na mwajiri wake, na Wakamba wengi waliingia King's African Rifles, ambako kila askari alikuwa na kumbukumbu ya utumishi. Vyombo vilivyobuniwa kumdhibiti babu ndivyo leo vinavyoweza kumsaidia mjukuu. Bibi hakuwekewa hata hivyo vya kumdhibiti. Kitambulisho cha taifa kilianza kutolewa kwa wanawake baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Aliyefariki kabla ya hapo, mbele ya dawati la uhamiaji, hakuwahi kuwepo.

Hata pale karatasi zipo, zinagongana. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Kadi ya ubatizo ina jina la Kikristo, cheti cha shule kina jina la Kikamba, na kitambulisho kina herufi zilizoandikwa na karani aliyesikia alivyosikia. Anayeomba cheti kwa kuchelewa huenda kwa chifu kutafuta barua, huambatisha kadi ya kliniki au ya ubatizo, cheti cha shule na vitambulisho vya wazazi. Kijana aliyeko Leeds, mwenye wiki mbili kabla ya mechi, hawezi kuianza safari hiyo. Ama shirikisho litaifanya kwa niaba yake kwa haraka, ama litamwacha. Haraka ndiyo hatari.

Malaysia imeonyesha haraka huishia wapi. Septemba 2025 FIFA iliwafungia wachezaji saba waliovaa jezi ya nchi hiyo, ikalitoza shirikisho lao faini ya faranga za Uswisi 350,000, baada ya kuona kwamba vyeti vilivyodai mababu na mabibi wao walizaliwa Malaysia havikulingana na rejesta za asili. Rejesta hizo zilionyesha kwamba wazee hao walizaliwa Hispania, Argentina, Brazil na Uholanzi. Karibu na kwetu, Rwanda iliondolewa mwaka 2014 katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa sababu ya mchezaji mmoja, Dady Birori, aliyekuwa na jina moja Kigali na jingine Kinshasa.

Wengi watasoma visa hivi na kusema: basi tukaze masharti, asiye na cheti asicheze. Nakataa. Malaysia ilinaswa kwa sababu rejesta ya kweli ilikuwepo mahali pengine. Familia ya Mutomo haina rejesta mahali popote. Mezani, ukweli usioandikwa na uongo ulioandikwa vitakaa pamoja, na tukikaza masharti tu, ule ulioandikwa ndio utakaopita. Aliye na fedha za kughushi atapata cheti. Aliye na bibi wa kweli atarudishwa nyumbani.

Ushahidi upo, ila hauko Nairobi. Ukoo wa Kikamba, mbai, hujua nani alizaliwa kwa nani na nani aliolewa wapi, na mashamba mengi ya Kitui na Makueni yamegawanywa kwa ujuzi huo kabla ya hati yoyote. Mahakama zetu husikiliza wazee wa ukoo katika kesi za urithi na ardhi. Sioni sababu kwa nini kinachokubalika kugawa ekari za Kibwezi kisikubalike kuthibitisha mzazi wa mtu, mradi kisikilizwe hadharani. Serikali imewahi kutambua watu wasio na karatasi ilipotaka: Wamakonde wa Kwale mwaka 2016, Washona mwaka 2020, Wapemba wa Pwani mwaka 2023. Lakini hao walingoja miongo kadhaa. Wamakonde walitembea kwa miguu hadi Nairobi. Itakuwa fedheha mchezaji akipata katika wiki mbili kile ambacho mkulima alikingoja tangu uhuru.

Kwa hiyo kazi ianze leo, kabla jina la mchezaji yeyote halijatajwa, na ifanywe kwa kila mtu. Ofisi za usajili za Kitui na Makueni ziandike vizazi vya wazee walio hai, wanawake kwanza, kwa ushahidi wa ukoo uliotolewa kwenye baraza la chifu na kubandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi alilete. Wajukuu wengi watakaofaidika hawatawahi kugusa mpira. Watapata pasipoti, mirathi, mikopo ya elimu. Shirikisho la Soka la Kenya nalo lijifunge kwa kanuni moja: cheti chochote cha mzazi, babu au bibi kilichotolewa baada ya mchezaji kuitwa kisitumike mpaka kisikilizwe kwenye kata alikotoka mzee huyo, mbele ya watu waliomjua. Na mchezaji wa chini ya miaka 18 asiitwe kabisa kwa uraia uliotafutwa kwa ajili ya mechi. Hatuwezi kuilaumu Bahrain kwa binti wa Makueni kisha tukamfanyia mtoto wa watu wengine vilevile.

Kuna watakaosema baraza hununulika. Hununulika, kama karani anavyonunulika. Lakini karani hununuliwa faraghani, naye ni mmoja. Kwenye baraza utalazimika kuwanunua majirani wote, pamoja na wale ambao marehemu bibi aliwadai mbuzi.