Spiritus

Spiritus ni nomino ya Kilatini ambayo maana yake ya msingi ni pumzi au mvumo wa hewa. Imetokana na kitenzi *spirare*, yaani kupumua au kuvuma. Waandishi wa Roma ya kale waliitumia kwa upepo mwanana, kwa hewa ivutwayo na kutolewa na kiumbe, kwa uhai wenyewe, na pia kwa ujasiri au majivuno.

Maana ya kidini ilikomaa Wakristo walipoitumia kutafsiri *pneuma* ya Kigiriki, ambayo katika Agano la Kale la Kigiriki ilikuwa imeshika nafasi ya *ruah* ya Kiebrania. Maneno yote matatu hubeba pumzi, upepo na roho kwa pamoja, ulinganifu adimu kwa mfasiri yeyote. *Spiritus Sanctus*, Roho Mtakatifu, ndiyo istilahi iliyotumiwa katika Vulgata, Biblia ya Kilatini inayohusishwa na kazi ya Jeromu iliyoanza mwishoni mwa karne ya 4. Neno *roho* la Kiswahili, lililopokewa kutoka *ruh* ya Kiarabu, lina asili moja na *ruah*.

Kutokana na *spirare* vilizaliwa vitenzi *respirare*, kupumua; *exspirare*, kutoa pumzi na hivyo kukata roho; na *conspirare*, kupumua pamoja, yaani kuafikiana, kwa wema au kwa njama. Wanaalkemia waliita *spiritus* kile kilichopatikana kwa kukeneka. Ndiyo asili ya *spiriti* ya kusafishia vidonda. Kitabibu, kutokana na *spirare* hiyohiyo, kuna spirometa, chombo cha kupimia hewa ya mapafu, alichokieleza daktari Mwingereza John Hutchinson mwaka 1846.