Mhusika Mkuu Ni Nani? Jinsia ya Shujaa katika Michezo ya Video

Mwalimu wa Kiswahili anapowafundisha wanafunzi wake ngeli ya A-WA, hakosi kuwatajia kwa fahari kwamba lugha hii haimtengi mwanamke na mwanamume katika viambishi vya nafsi. Alikuja ni alikuja tu, awe mama au baba. Sifa hiyo Kiswahili kinaishiriki na ndugu zake tunaoishi nao katika nchi hizi, kama vile Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi na Kilingala. Lakini Kiingereza na Kifaransa, ambazo wanafunzi wetu huzisoma pia shuleni, humlazimisha msemaji kuchagua. Katika makala haya tunakusudia kuipima fahari yetu hiyo kwa historia ya jambo linaloonekana kuwa mbali na darasa, nalo ni uteuzi wa jinsia ya mhusika mkuu katika michezo ya video.

Mchezo wa video, kama ilivyo hadithi, una shujaa, adui na safari. Tofauti ni kwamba shujaa huyo huendeshwa na mchezaji mwenyewe. Shujaa akianguka shimoni, mchezaji husema “nimekufa”, wala hasemi “amekufa”. Kwa hiyo, tunapouliza ni nani anayeruhusiwa kuwa shujaa, kwa hakika tunauliza ni nani anayeruhusiwa kusema “mimi”.

Hapo mwanzo ruhusa hiyo ilikuwa finyu. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Donkey Kong, ambamo seremala hupanda ngazi ili amwokoe mwanamke aliyechukuliwa na sokwe. Mwaka 1985 ulifuata Super Mario Bros., na humo aliyetekwa ni binti mfalme. Katika michezo yote miwili mwanamke ni tuzo mwishoni mwa njia, si msafiri. Nao mchezo wa Pac-Man wa mwaka 1980, ambao mtungaji wake, Toru Iwatani, alitaka uwavute wanawake pia, ulikuwa na kiumbe wa mviringo asiye na dalili yoyote ya jinsia isipokuwa jina lake. Ulipotolewa Ms. Pac-Man huko Marekani mwaka 1982, kiumbe yule yule alifungwa utepe kichwani na kutiwa rangi midomoni. Ni kana kwamba umbo tupu lilikuwa la kiume kwa asili, na la kike halina budi kuvishwa alama.

Uteuzi nao ulianza kidogo kidogo. Katika Gauntlet ya mwaka 1985, mchezaji alichagua mmoja kati ya mashujaa wanne, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Mwaka 1988, katika Super Mario Bros. 2 iliyotolewa Marekani, binti mfalme yule aliyezoea kuokolewa aliweza kuchaguliwa, akakimbia na kuruka kama wenzake.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha ni cha Metroid, mchezo uliotolewa Japani mwaka 1986. Shujaa wake, Samus Aran, amevaa deraya toka utosini hadi nyayoni, wala uso wake hauonekani. Mchezaji aliyeumaliza mchezo upesi alionyeshwa mwishoni kwamba aliyekuwa akipigana muda wote ule alikuwa mwanamke. Lakini kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilikuwa kimekwisha kumtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Ili siri itunzwe katika lugha hiyo, ilipasa ama kusema uongo, ama kulikwepa neno katika kila sentensi. Kama kitabu kile kingeandikwa kwa Kiswahili, mwandishi angesema: anaingia pangoni, anawashinda maadui, anatoka salama. Siri ingetunzwa, wala pasingekuwa na uongo wowote.

Hata hivyo, tusijisifu upesi. Msomaji wa Kiswahili naye, akisoma habari za askari mwenye deraya anayeingia pangoni, angemwona nani akilini mwake? Kiambishi hakimtengi mtu, lakini pia hakimwonyeshi. Pale lugha inapoacha nafasi wazi, mazoea huijaza.

Nguvu hiyo ya mazoea inaonekana wazi katika historia ya baadaye. Michezo ya kwanza ya Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilimpa mchezaji mvulana tu. Msichana hakuweza kuchaguliwa mpaka ilipotoka Pokémon Crystal mwaka 2000. Katika Mass Effect, iliyotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada mwaka 2007, Kamanda Shepard aliweza kuwa mwanamume au mwanamke, na kila mmoja alipewa sauti yake kamili. Lakini aliyechorwa juu ya kasha alikuwa mwanamume. Mwaka 2011 BioWare ilieleza kwamba wachezaji waliomchagua Shepard wa kike walikuwa kama asilimia 18. Mwaka 2012 mchezo wa tatu ulikuja na jalada la pande mbili, na upande mmoja alikuwapo mwanamke. Takwimu za toleo jipya la mwaka 2021 zilionyesha asilimia 32. Hatuwezi kudai kwamba jalada peke yake ndilo lililoleta ongezeko hilo, kwa maana miaka kumi ilikuwa imepita na wachezaji wamebadilika. Lakini ni dhahiri kwamba mlango uliofichwa hupitwa na wengi, ingawa haukufungwa kwa ufunguo.

Wako waliotoa hoja ya gharama. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliulizwa kwa nini katika Assassin's Creed Unity hapakuwa na shujaa wa kike wa kuchaguliwa, na jibu likawa kwamba kazi ya kuchora mienendo ingeongezeka maradufu. Miaka minne baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa Assassin's Creed Odyssey, ambamo mchezaji huchagua kati ya Kassandra na Alexios, ndugu wawili wa Ugiriki ya kale, na safari yao ni ile ile moja. Jambo lililosemwa kuwa zito lilibebeka lilipotakiwa.

Nako Marekani, mwaka 2013, mtengenezaji mmoja wa michezo aliombwa na binti yake mdogo amwezeshe yule mwanamke wa Donkey Kong kumwokoa seremala. Baba akaufungua mchezo ule wa zamani, akabadilisha picha, na mwanamke akapanda ngazi. Mtoto hakutaka zaidi ya kusema “mimi”.

Walimu wenzetu, tunaweza kulijaribu jambo hili darasani bila mashine yoyote. Tuwasomee wanafunzi kifungu kifupi cha safari ya shujaa asiyetajwa jina, kilichojaa alipanda, alivuka, alishinda. Kisha tuwaambie wamchore. Michoro ikikusanywa, tuitazame pamoja nao na kuwauliza ni neno gani katika kifungu lililowaambia kuwa shujaa ni wa kiume au wa kike. Hawataliona neno hilo, na hapo ndipo somo la ngeli ya A-WA litakapoanza.